Taiti endi asichukuliwe mapema

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka kila timu yenye nafasi ya juu katika drafti ya NFL (zamu za timu za ligi ya soka la Kimarekani kuchagua wachezaji chipukizi) imkimbilie taiti endi bora, yaani mchezaji anayedaka pasi na pia kusaidia kuzuia, kwa hoja kwamba Brock Bowers, taiti endi wa Raiders, ameshaonyesha njia. Mimi naishi Hamtramck, Michigan, mji uliozungukwa karibu pande zote na Detroit. Nafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha vipuri vya magari, na katika chumba chetu cha mapumziko Lions, timu ya Detroit, huzungumzwa mwaka mzima. Hoja ya msomaji huyo siikubali hata kidogo.

Detroit tumeyaonja haya mara tatu. Mwaka 2009 tulimchukua Brandon Pettigrew kwa chaguo la 20, 2014 Eric Ebron kwa chaguo la 10, na 2019 T.J. Hockenson kwa chaguo la 8. Sisemi walikuwa wabovu. Hockenson katika mechi yake ya kwanza, kule Arizona, alipata yadi 131, na hakuna taiti endi aliyewahi kuanza hivyo. Lakini mechi ile iliisha sare ya 27-27, msimu mzima tukashinda mara 3 tu, na Novemba 2022 akapelekwa Minnesota kwa kubadilishana chaguo za drafti.

Linaloniuma zaidi ni la Ebron. Chaguo la 12 mwaka ule wa 2014 Giants walimchukua Odell Beckham, mdakaji wa pembeni. La 13 Rams wakamchukua Aaron Donald, mtu wa katikati ya safu ya ulinzi, ambaye baadaye alitajwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Mwaka uliofuata Ndamukong Suh, nguzo yetu katika nafasi hiyohiyo, mkataba ukamwishia akaenda Miami. Aliyefaa kuliziba pengo lile tulikuwa tumeshampita, kwa ajili ya kijana aliyedaka pasi 25 katika msimu wake wa kwanza.

Tatizo liko kwenye hesabu. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa chipukizi hupangwa kwa namba aliyochaguliwa, si kwa nafasi anayocheza uwanjani. Sokoni, taiti endi hulipwa kidogo kuliko mdakaji wa pembeni, mkimbiza kwotabeki (mrusha pasi wa timu) au mzuiaji anayemlinda kwotabeki. Kwa hiyo ukimchukua juu sana unamlipa karibu na bei ya wakongwe wa nafasi yake, na nafuu yote ya kuwa na chipukizi inapotea. Mwaka 2021 Atlanta walimchukua Kyle Pitts kwa chaguo la 4, na hakuna taiti endi aliyewahi kuchaguliwa juu zaidi yake. Mkataba wake ulizidi dola milioni 32 kwa miaka minne. Chaguo tatu baadaye Detroit tukampata Penei Sewell, mzuiaji, kwa kiasi cha milioni 24 kwa miaka hiyohiyo minne. Alipoongezewa mkataba mwaka 2024, bei yake ilifika milioni 28 kwa mwaka mmoja! Hapo ndipo timu inapovuna.

Bowers simnyimi haki yake. Alichaguliwa wa 13, akadaka pasi 112 kwa yadi 1,194 katika msimu wake wa kwanza, rekodi ya taiti endi chipukizi. Lakini Raiders wake walishinda mechi 4 tu kati ya 17. Pitts naye alivuka yadi 1,000 mwaka wake wa kwanza, na Atlanta wakashinda 7. Taiti endi hula anachopakuliwa na kwotabeki, na kwotabeki hapakui kitu akiwa amelala chali chini ya mabeki.

Na wazuri wanapatikana chini. Travis Kelce alikuwa wa 63, George Kittle wa 146. Baltimore mwaka 2018 walimchukua Hayden Hurst wa 25, kisha katika drafti hiyohiyo wakampata Mark Andrews wa 86, na Andrews ndiye aliyedumu.

Sisi wenyewe tulijifunza. Mwaka 2023 meneja wetu mkuu, Brad Holmes, alikuwa na chaguo la 6, akashuka hadi la 12 kwa makubaliano na Arizona, na katika malipo akapata la 34. Kwa la 12 akamchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs, kwa la 34 taiti endi Sam LaPorta. LaPorta alidaka pasi 86 na kufunga tachidauni 10 (mara anazofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), na tukatwaa ubingwa wa kundi letu kwa mara ya kwanza tangu 1993. Wazee kiwandani waliokuwa wamezoea kuzima televisheni kabla ya robo ya nne walikaa hadi mwisho msimu ule.

Bado timu hazisikii. Mwaka 2025 Chicago walimchukua Colston Loveland wa 10, na Indianapolis Tyler Warren wa 14. Nawatakia heri vijana wale, wala hawakujichagua wenyewe. Ombi langu kwa ukurasa wenu wa michezo ni hili: mkiandika kwamba taiti endi fulani amechukuliwa mapema, chapisheni pia majina ya watano waliochaguliwa baada yake, na mwaka unaofuata myachapishe tena.

Msomaji wenu,
Hamtramck, Michigan