Saumu, kuhusu watoto na ile meza ya Masaki

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Saumu,

Salamu zako zimenifikia, na tende ulizompa mdogo wako aniletee zimefika pia, ingawa boksi moja lilifunguliwa njiani na sitaki kumtaja aliyelifungua. Huku wote wazima. Nasri anakohoa kidogo, ni vumbi la hii barabara wanayoichimba mtaani kwetu. Rahma siku hizi hashikiki, na hakuna sufuria inayokaa kabatini.

Umeniuliza kitu kimoja ukasema nikujibu kwa ufupi. Mama yako anatimiza miaka 60, unakuja mwezi ujao, unataka kumpeleka chakula cha usiku kwenye ile hoteli ya Masaki. Je, uwachukue wanao Iddi na Salma, au uwaache? Kwa ufupi siwezi, unanijua. Mimina chai ukae.

Mimi wangu nilishawapeleka. Si hoteli hiyo unayoitaka wewe, nyingine ya aina hiyohiyo. Mwaka jana shemeji yangu alitoka Mwanza kumleta mchumba wake tumwone, na Baba Nasri akasema mgeni kama huyu hapelekwi kwenye chipsi mayai. Tukaweka meza: sisi wawili, wao wawili, Nasri, Rahma wa miezi kumi, na Dada Pendo wa kumshika Rahma. Saa mbili usiku. Hiyo saa mbili ndiyo iliyotuponza, na aliyepiga simu kuichagua ni mimi.

Nasri wakati ule ana miaka mitatu, na saa mbili kwake ni saa ya kuoga na kulala. Alifika na shati jeupe na viatu vinavyombana. Akakuta kitambaa kimekunjwa mezani kama kipepeo cha mkaa, akakikunjua, akajifunika kichwani, akatangaza kwamba yeye ni bibi harusi. Mchumba wa shemeji akacheka mpaka akafuta machozi. Nikasema alhamdulillahi, usiku umenyooka. Hapo tumekaa dakika kumi.

Chakula cha pale kinakuja kwa zamu. Kwanza mkate na siagi. Kisha vianzio, mnakaa. Kisha chakula chenyewe, mnakaa tena. Kisha vitu vitamu. Na jikoni wanataka sahani za meza nzima zitoke pamoja, kwa hiyo kuku wa mtoto, ambaye yuko tayari ndani ya robo saa, anamsubiri kambakoche wa shemeji. Mtu mzima aliyetoka kwenye foleni ya magari kukaa vile ni raha yake. Nasri kazaliwa kwenye nyumba ambayo sinia likitua, bismillahi, mkono umeingia. Mara ya kwanza aliuliza kwa adabu, "Chakula kiko wapi?" Mara ya nne aliuliza huku anagonga uma kwenye zile glasi za mguu mrefu, na glasi ile ukiigonga inalia vizuri sana, akaipenda. Mhudumu, kijana mpole, akaja kuondoa glasi. Akaondoa visu. Akaondoa mshumaa. Tukabaki na meza kama ya chumba cha mtihani.

Halafu akataka choo.

Vyoo vya pale viko nyuma ya ukuta mmoja tu na watu wanaokula. Nikampeleka, akanitoa nje, yeye mkubwa. Nikasimama mlangoni. Kule ndani kinanda kinapigwa polepole, watu wanaongea kwa sauti ya msibani. Mara: "Mamaaa! Nimemalizaaa! Njoo unitawazeee!" Shemeji anaapa kwamba kuna mzee uma ulimgandia hewani. Kuingia, hakuna kopo, hakuna bomba la kutawazia, karatasi tu, tena ncha yake imekunjwa pembetatu. Nasri akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Nikamkonyeza Dada Pendo alete chupa ya maji iliyokuwa mezani. Bili ilipokuja, chupa ile imeandikwa shilingi 7,000. Mwanangu katawazwa kwa maji ya 7,000, na kwa kuwa yametoka kwenye barafu, ukelele wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Sasa unacheka. Mimi siku ile nilitamani sakafu ipasuke. Niliporudi mezani nikamwona mama mmoja, umri wetu, kavaa vizuri, kaweka uma chini ananitazama. Hakunitazama kwa chuki. Nilimjua, Saumu, maana na mimi nimewahi kuwa yeye. Yule kaacha watoto wake nyumbani, kalipa mtu wa kuwaangalia, kapaka rangi kucha, kaja kula saa mbili za maisha yake bila kuitwa mama. Halafu nimemletea wangu. Siwezi kumwambia eti watoto ni wa wote avumilie. Wapo watakaokwambia hivyo, na wa kwanza ni Mama yako, lakini mimi sikubali.

Ila kulia kwa mtoto naweza kukuvumilia kuliko ile simu. Kuna familia nilikaa nayo jirani siku nyingine, watoto wametulia kama mchele, mbele yao simu inaimba katuni kwa sauti ya juu tangu vianzio hadi kahawa. Wazazi wanatabasamu kabisa, watoto wao hawasumbui. Ukileta simu, leta na visikilizio.

Umesema hoteli wanataka amana. Hapo uwe mwangalifu. Kuna kisa cha Chicago cha mwaka 2014 kilichozungumzwa sana: mkahawa unaoitwa Alinea, wale unakata tiketi na kulipa kabla kama mechi. Mume na mke wakaja na mtoto wa miezi minane, mtoto akalia, wateja wakakasirika, na mpishi mwenyewe, Grant Achatz, akaandika Twitter kuuliza afanye nini, azuie watoto? Watu wakagawanyika vipande viwili, wengi wakawasuta wazazi. Mimi nilipoisoma nilifikiria ile tiketi tu. Hela ikishatoka, mtu anakwenda hata mtoto akiwa na homa. Kwa hiyo kabla hujatuma amana waulize: mtoto akiugua siku ile, inahamishwa tarehe au imeliwa?

Sasa nikwambie jambo ambalo lilinifanya nisilale usiku ule, maana si Nasri.

Tulipokaa, mhudumu aligawa menyu nne. Watu wazima tulikuwa watano. Dada Pendo alikaa pembeni kabisa, Rahma mapajani, na meza haikuwa na uma wala sahani mbele yake. Si kwamba kijana alifanya makusudi. Alituangalia akajua, na hakuna aliyemsahihisha, mimi nikiwemo. Tukaagiza. Dada akamlisha Rahma viazi vya kuponda. Akaleta ile chupa chooni. Akamfuta Nasri mchuzi. Sahani zikaja, kamba wangu shilingi 62,000, nikala huku namkemea Nasri, hata ladha siikumbuki. Wakati fulani nikainua macho. Rahma kalala begani kwake, na yeye kageuza kiti kidogo anatazama nje, kwenye giza la bahari, vile mtu anavyotazama ili asionekane anatazama sahani ya mwenzake.

Nikamnong'oneza Baba Nasri. Akasema, "Dada atakula nyumbani, chakula kipo." Na kweli kilikuwepo. Tulifika saa tano kasorobo. Nikiwa chumbani navua hereni nikasikia jiko la gesi linawashwa. Alikuwa anapasha wali na maharage ya mchana.

Binti yule ana miaka 20. Kwao wanamtegemea. Mwaka wa pili ananilelea watoto, Rahma hatua zake za kwanza alimwendea yeye, mimi nikiwa kazini. Nimempeleka mahali pa sahani za 62,000 kama mkoba wa nepi.

Na ukiangalia, Saumu, hizi hoteli zote za upande ule, Jumamosi usiku, kila meza yenye mtoto ina msichana pembeni asiye na sahani. Ukishamwona mmoja utawaona wote. Ndiyo maana watoto wa wenye nazo wanaonekana wana adabu mikahawani. Adabu ile ina mtu anaifanyia kazi.

Tulikorofishana na Baba Nasri wiki nzima. Yeye anasema nimekuza jambo, mwajiriwa ni mwajiriwa, mbona dereva hatumuiti mezani. Hoja ya dereva sijaipatia jibu mpaka leo, nakiri. Lakini tumeafikiana hivi: dada akija, anapewa kiti na menyu kama sisi, kama hela haitoshi, basi anabaki nyumbani na watoto, na tunamlipa usiku ule nje ya mshahara.

Mara ya pili tulikwenda mchana. Nikampa menyu, akaisoma ukurasa hadi ukurasa, sijui kama alikuwa anasoma vyakula au bei. Akaagiza changu wa kuchoma mzima. Alipokuja, akaomba maji ya kunawa, akakunja mkono wa gauni, akamla kwa vidole, mgongo, shavu, mpaka jicho. Sisi tunahangaika na visu. Nasri akahamia upande wake akawa anamegewa minofu ya samaki kama kinda la ndege, nusu saa nzima hakusema neno. Mhudumu alikuja kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Dada Pendo akamjibu, "Chumvi tu, kaka."

Basi, ya kwako. Usiku achana nao. Nilitaka nikushauri uende saa kumi na mbili jioni, upande wa ghuba ya Msasani jua linazama mbele yako, meza bado ziko tupu, jikoni hawajabanwa. Nimeshaandika nusu nikamkumbuka Mama. Magharibi itamkuta na uma mkononi na hatakubali impite, ataanza kuuliza kibla kwa wahudumu. Kwa hiyo mchana. Akishaswali Adhuhuri, mfike saa saba, Jumamosi. Muombe meza ya barazani, penye upepo, kelele inakwenda na upepo. Ile ya ndani yenye sakafu ya vigae kijiko kikianguka kinasikika hadi jikoni. Mpigie simu meneja siku moja kabla, mwambie watoto wawili, viti vya watoto viwili, vile vyenye mkanda. Na mkikaa tu, kabla hamjafungua menyu zenu, agiza ya watoto na useme wazi: hii itoke kwanza, usisubiri yetu. Wanafanya, ila hawafanyi mpaka uwaambie.

Salma atasinzia saa nane. Chukua kanga, umtandikie viti viwili. Iddi ana miaka minne, ana kama dakika arobaini, akizimaliza mtu atoke naye nje akatazame ngalawa, kwa zamu, na zamu ya kwanza awe mume wako, usikubali akuambie anaongea na mjomba. Huko Muscat mmezoea mikahawa yenye vyumba vya familia, mnafunga mlango mtoto anatambaa anavyotaka. Hapa huna mlango. Kopo nakushauri ubebe. Chupa ndogo ya plastiki, ndani ya mkoba, maji ya kawaida.

Na kama roho yako iko kwenye ile meza ya usiku, mshumaa na kinanda, nenda wewe na mume wako siku nyingine. Watoto nitawachukua mimi, watalala hapa na Nasri, watavunja watakachovunja. Mama hatajali mkimkosesha kinanda. Yeye ukimuuliza atakwambia kambakoche ni panzi wa baharini.

Nitakwenda kuweka meza mwenyewe, napita njia hiyo kila Alhamisi. Nitumie hesabu ya watu. Ulivyoandika umesema wanane, lakini nimehesabu majina yako mara mbili, na yule binti wa Mama, anayemkanda miguu na kumshika akipanda ngazi, hayumo. Ni tisa, au?

Msalimie baba watoto. Tende nyingine usimpe mdogo wako.

Wako,
Mwanaidi