Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi: Dozi Kidogo, Siku Chache na Haki ya Mgonjwa

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha wagonjwa wa saratani na familia zao, nawakaribisha Moshi, hasa ninyi mliotoka Rombo, Same na Mwanga tangu alfajiri. Wenzetu waliotangulia mbele za haki mwaka huu wa 2025 katibu amewataja na tumesimama kuwaombea. Kwa familia zao ambazo zimeendelea kuja vikaoni hata baada ya matanga, nasema asanteni sana. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Vikao vimefanyika kama katiba yetu inavyotaka, na mihtasari iko kwa katibu kwa anayetaka kuipitia.

Muda wangu mwingi nautumia kwa swali aliloliuliza mama mmoja wa Kibosho kwenye kikao cha robo ya kwanza. Muuguzi alikuwa akitueleza kwamba msichana sasa anachomwa mara moja tu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Mama akasimama, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, na huko Ulaya wanachoma moja, au moja ni ya sisi maskini?" Watu waliguna, na wengi waliitikia kwa vichwa. Nililichukua swali lile kwa uzito wote, kwa sababu mtu aliyewahi kuambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo, ana kila sababu ya kushuku anapoambiwa kwamba kidogo kinatosha. Kamati imelifuatilia mwaka mzima kwa madaktari na kwa kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Nianze na chanjo yenyewe. Uingereza ilihamia dozi moja Septemba 2023. Tanzania ilifuata Aprili 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo mama, jibu ni kwamba hata huko wanachoma moja, na walianza kabla yetu. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba ushahidi wenyewe umetoka kwetu Afrika Mashariki. Kenya walifuatilia wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yalitoka 2022: baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya HPV aina ya 16 na 18, ambazo ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwanza nao walichukua wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wakalinganisha dozi moja, mbili na tatu. Miaka miwili baadaye zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya aina ya 16. Kiwango cha kinga hiyo kilikuwa chini kuliko cha waliopata tatu, hilo lisemwe wazi, lakini kilitulia bila kuporomoka. Na kwa msichana anayeishi na VVU, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni dozi mbili au tatu. Wazazi na walezi wenye watoto wa aina hiyo wamweleze mhudumu kwa siri, wasikae kimya kwa aibu.

Kuna maneno bado yanazunguka sokoni Mbuyuni na hata makanisani kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio uliofanyiwa majaribio ya utoaji wake kuanzia 2014, miaka minne kabla ya nchi nzima. Wale mabinti wa darasa la nne wa wakati ule leo ni wanawake wazima, na baadhi yao wana watoto mgongoni. Anayetaka ushahidi aende akawaulize.

La pili ni mionzi. Wengi wenu mnajua maana ya kuandikiwa rufaa ya Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam: nauli ya basi ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda peke yake, kisha kumwomba ndugu wa Dar es Salaam akupe mkeka kwa wiki tano au zaidi, shamba na mifugo vikibaki kwa jirani. Nimeona watu wakiuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya safari hiyo. Wengine waliishia nusu ya matibabu kwa sababu fedha ya kula iliisha, na nusu ya mionzi ni hatari. Ndiyo maana KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2016, ilipoanza kujenga jengo la mionzi, wengi wetu tulipita kuliangalia kama tunavyoangalia nyumba yetu wenyewe.

Sasa sikilizeni utafiti wa Uingereza uliotoka 2020. Wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani ya matiti, waliokwisha kufanyiwa upasuaji, waligawanywa: wengine wakapigwa mionzi mara 15 kwa wiki tatu, wengine mara 5 tu, kwa wiki moja. Baada ya miaka mitano ugonjwa haukurudi zaidi kwa wale wa wiki moja. Matokeo hayo yana masharti. Wale walikuwa wamewahi hospitali uvimbe ukiwa mdogo, na kila mara moja ilikuwa na mionzi mingi kuliko kawaida, kazi inayodai mpango makini na mashine sahihi. Siyo kila mmoja wetu anafaa. Lakini mgonjwa anayo haki ya kumuuliza daktari wake: "Kwa hali yangu, siku zinaweza kupunguzwa?" Nawaombeni muulize. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo, na kwa mama wa Tarakea tofauti ya wiki moja na wiki tano ndiyo tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa.

Ndugu wanachama, hapa ndipo ubishi wetu ulipokuwa mkali, nami sitaupaka mafuta. Vijana wetu walileta hoja kwamba chama kichangishe fedha kwa ajili ya tiba ya kinga, zile dawa zinazouamsha mwili wenyewe ushambulie saratani. Hoja yao ina msingi. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi uliozaa dawa hizo, na Septemba mwaka huu Shirika la Afya Duniani limeiingiza pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo, katika orodha ya dawa muhimu kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, ya utumbo mpana na ya mapafu kwa baadhi ya wagonjwa. Tatizo ni bei. Marekani mgonjwa mmoja kwa mwaka ni zaidi ya dola 100,000. Tukiuza kila kihamba, yaani kila shamba la ukoo, cha wanachama wa ukumbi huu tutatibu watu wachache, tena kwa muda.

Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, India, walijaribu njia nyingine. Kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliokwishashindikana kupona, waliongeza miligramu 20 tu za nivolumab, dawa nyingine ya tiba ya kinga, kila wiki tatu, chini ya sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, juu ya vidonge vya bei nafuu walivyokuwa wakitumia. Baada ya mwaka mmoja asilimia 43 walikuwa hai, wakati kwa wale wa vidonge peke yake ni asilimia 16. Nilipoisoma habari hii nilifurahi sana. Kisha daktari mmoja akanituliza kwa maneno ambayo yote nayaleta kwenu: utafiti ule haukulinganisha dozi ndogo na dozi kubwa. Ulilinganisha kidogo na kutopata kabisa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kidogo ni sawa na kingi, kama tunavyoweza kusema kwa chanjo. Tunaweza kusema kwamba kidogo kimeongeza uhai kwa watu ambao wasingepata chochote.

Je, hiyo ni dozi ya maskini? Hapa naona swali la mama wa Kibosho linabaki na uzito wake. Msimamo wangu, na kamati imeukubali kwa wingi wa kura, si kwa kauli moja, ni huu: dozi ndogo zitafutwe, zipimwe sawasawa dhidi ya dozi kubwa, na zipimwe kwa wagonjwa wetu pia. Kampuni inayouza dawa haina haraka ya kutafuta kama robo yake ingetosha. Kazi hiyo itafanywa na hospitali za umma na vyuo, na sisi wagonjwa tukubali kushiriki tukielezwa vizuri na kusaini kwa hiari. Kuchangisha kwa ajili ya dawa ya mtu mmoja tumeona tuache kwa sasa.

Kuna pia dawa za zamani zinazofanya kazi mpya. Oktoba 2024 yalichapishwa matokeo ya wanawake 500 wa nchi tano, wakiwemo wa India na Meksiko, wenye saratani ya mlango wa kizazi isiyosambaa mbali. Nusu walitundikiwa kwanza dripu za kila wiki za carboplatin na paclitaxel kwa wiki sita, ndipo wakaanza mionzi na dripu zake za kawaida. Miaka mitano baadaye asilimia 80 walikuwa hai, ikilinganishwa na 72 ya wengine. Dawa zote mbili zimekwisha kutoka mikononi mwa wenye hataza, bei yake inazungumzika. Lakini mionzi yao ilianza wiki ya saba bila kuchelewa. Ukimaliza dripu kisha ukakaa kwenye foleni miezi miwili, faida ile itakuwa imekwenda.

Nataja paclitaxel kwa makusudi, maana ilitokana na gome la mti. Vincristine, inayotibu watoto wengi wenye saratani ya damu, inatokana na ua la vinka, asili yake Madagaska, ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba. Wazee wetu wanaoamini miti hawakukosea kuamini kwamba mti una dawa. Watu wa Arusha na Moshi tunaikumbuka foleni ya magari ya kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti mwaka 2011, na baadhi ya wenzetu waliacha dripu ili waende. Mti unaotibu umepimwa ukajulikana kiasi gani kinaua saratani na kiasi gani kinamuua mgonjwa. Ukipewa mzizi, mwambie daktari wako unachokunywa. Usiache tiba, na usifiche.

La chai nililiacha makusudi, kwa kuwa lilileta kicheko mwezi wa saba na halikustahili. Saratani ya umio, ile ambayo chakula kinakwama kooni mpaka mtu anabaki na uji, inatupiga sana ukanda huu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Mwaka mmoja kabla, watafiti walipima chai hapa hapa Kilimanjaro, wakakuta watu wanaanza kunywa kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 70, na chai ya maziwa inapoa polepole kuliko ya rangi. Kwenye kikao chetu mwanachama alileta kipimajoto cha jikoni, akakitumbukiza kwenye kikombe kilichomiminwa kutoka kwenye chupa. Mshale ukapita 65 na kuendelea. Mzee aliyekuwa na kikombe mkononi alikirudisha mezani, akasubiri. Pombe na sigara ni visababishi vilivyothibitishwa zaidi ya chai, na mbege na gongo havina msamaha. Ila kusubiri chai ipoe hakuna gharama hata senti moja, na ni kazi tunayoweza kuianza leo saa nne.

Kuhusu malalamiko: mwanachama mmoja alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, katika hospitali ambayo sitaitaja, na majibu yakachelewa kiasi kwamba alianza matibabu uvimbe ukiwa umekua mara mbili. Tumeandika barua, tumejibiwa kwa heshima, tunaendelea kufuatilia.

Na mofini, dawa ya maumivu makali. Bado kuna familia zinazokataa mgonjwa apewe mofini ya maji kwa hofu kwamba atakuwa teja au kwamba ndiyo dawa ya kumuaga. Mgonjwa anayepewa kipimo sahihi kwa maumivu ya saratani anapata usingizi, anakula, anaongea na wajukuu. Wenzetu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, wa hospitali ya Selian, Arusha, wamekuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi, na tumewaomba waje watufundishe. Sioni sababu ya mtu yeyote wa Kilimanjaro kufa akilia usiku wakati dawa ipo.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mpigie kura. Kwanza, mfuko wa chama uwe wa nauli na malazi ya wagonjwa walioko katikati ya matibabu, na wa dharura ya kipimo cha kinyama, basi. Pili, tuiandikie mamlaka ya afya ya mkoa kuomba kipimo cha HPV cha maabara, ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu 2021 kiwe chaguo la kwanza na ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kifikishwe hadi zahanati za milimani. Kipimo cha siki, kile cha kupaka siki mlango wa kizazi na kuuangalia kwa macho, kiendelee wakati tunasubiri. Rasimu ya barua anayo katibu. Wanawake wa umri wa miaka 30 na kuendelea ambao hawajapimwa, muuguzi yuko chumba cha nyuma mpaka saa kumi jioni, na mlango una pazia.