Simbilisi wa Elfu Moja, Bili ya Elfu Nne na Mia Mbili

Wiki jana mteja mmoja aliniandikia kwenye WhatsApp kwamba nimemwibia. Alinunua mtoto wa simbilisi, au ginipigi kama wengi mnavyowaita huku mtaani, kwa shilingi 1,000. Siku saba kwetu, tunakolisha watoto wa simbilisi wasio na mama, zikafika 4,200. "Na mlikuwa mnampa maziwa tu!" Ni wa tatu mwaka huu kuniambia maneno hayo hayo, kwa hiyo nayaandika hapa, atakayefuata nimtumie linki.

Siku moja ni shilingi 600. Mtoto asiye na mama hulishwa kila baada ya saa mbili mchana, na usiku hatuachi saa tatu zipite. Hiyo ni mara kumi, siku nyingine kumi na moja. Gawanya mwenyewe: ni shilingi 60 hivi kwa mlo, haifiki nauli ya kutoka mjini jioni mvua ikinyesha. Usiku mimi na dada yangu tunapokezana.

Tena kulisha kwenyewe huja mwisho. Kwanza namshika masikio na tumbo. Akiwa baridi hapewi kitu, maana chakula kitalala tumboni bila kusagwa. Anawekwa kando ya chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo mpaka joto limrudie, na Julai, kwenye baridi ya hapa Donholm, Nairobi, hiyo chupa hubadilishwa usiku kucha. (Kuna aliyeniuliza kwa nini situmii taa. Stima ikipotea saa nane za usiku, taa itamsaidia nini?) Halafu mizani, ile ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Simbilisi huzaliwa na gramu 60 hadi 100, kwa hiyo gramu tano zikipungua si jambo la kupuuza. Ndipo ije sirinji ya mililita moja, bila sindano. Inaingia kwa pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone, namsubiri ameze. Tumbo liwe chini, miguu ikanyage. Akishiba nampangusa sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili akojoe, kazi ambayo mama yake angeifanya kwa ulimi.

Watu wengi wanamlaza chali kama mtoto mchanga. Familia moja ya South C walimlaza hivyo, wakamnyonyesha kwa chupa ya mwanasesere, maziwa yakatokea puani. Walipomleta alikuwa anakwaruza kifuani kila akivuta pumzi, kwa kuwa yaliyobaki yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu. Hakufika asubuhi. Nililipisha ule usiku, na najua mpaka leo hawajanisamehe.

Maziwa yenyewe si ya pakiti ya dukani. Ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko tumbo lake linavyoweza, anaharisha, na kiumbe wa gramu 70 akiharisha hana maji ya kupoteza. Tunakoroga maziwa ya unga ya watoto wa paka, ambayo yanatoka nje ya nchi na bei yake si ya kuchekesha, na baada ya siku mbili tatu tunaongeza peleti (chakula kikavu cha vipande vidogo) zilizolowekwa zikasagwa laini. Kando yake huwa kuna nyasi kavu ya boma Rhodes. Simbilisi hazaliwi uchi kama panya. Anatoka na manyoya, macho wazi, meno tayari, na kesho yake ameshaanza kutafuna.

Kwa sababu hiyo nimewarudisha wateja wengi nyumbani bila kuwatoza hata shilingi. Mama simbilisi ana chuchu mbili tu. Akizaa wanne, mdogo anasukumwa pembeni, na mwenye simbilisi anadhani ni mgonjwa. Wagawe wawili wawili, wapokezane kwa mama, wapime kila asubuhi. Sihitajiki hapo.

Ninapohitajika sana ni baada ya amoksilini, ile antibiotiki ya watu. Mteja wa Buruburu alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanawe imebaki kwenye friji. Mama simbilisi alipiga chafya, akapewa. Dawa hiyo huua vijidudu wema wa tumbo la simbilisi, na wabaya wanaobaki wanatoa sumu. Akaharisha, akafa, akaacha watoto wanne wa siku mbili. Mteja alikwepa ada ya daktari wa mifugo, akaja kunilipa mimi kwa vichwa vinne. Sisi hatuandiki dawa. Akihitaji dawa tunampeleka kwa daktari, na daktari anazo nyingine zinazomfaa.

Mwingine wa Rongai aliniletea mtoto asiyetembea, akitaka nimfunge vijiti mguuni. Hakuna mfupa uliovunjika. Alikuwa anakula peleti za sungura peke yake, na simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Vitamini C kila siku kwa sirinji, vipande vya pilipili hoho, na baada ya wiki alikuwa anakimbia. Kidonge mnachotupa kwenye chupa ya maji kinaisha nguvu kabla hajakinywa.

Nikirudi kwa wa wiki jana: muuzaji alimwambia mtoto ameshaacha kunyonya, kumbe ana siku nne. Anahitaji maziwa kama siku 21. Aliingia kwetu na gramu 58, akatoka na 83. Daftari lenye uzito na saa ya kila mlo lipo, kurasa tatu, nimezipiga picha na kumtumia. Tiki mbili za buluu nimeziona tangu Jumanne.