Mdogo wangu, ada ya mtoto usiiweke kwenye hisa mpya

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kikoba kimevunjwa, umepata mgao wako wa shilingi milioni nne, na umesikia kuna kampuni inajiandaa kuuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Unataka kuweka zote, kwa kuwa ni pesa za sekondari ya mwanao na hutazigusa kwa miaka minane. Nakujibu hadharani kwa sababu wiki hii watu wengine wawili wameniuliza swali hilohilo, mmoja kazini na mmoja ndani ya daladala.

Usiweke zote. Hisa ambayo haijauzwa sokoni hata siku moja mimi siioni ikikaa kwenye akiba ya ada. Iache kwanza ikae pale Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka mmoja, ikiwezekana miwili, itoe hesabu zake mbele ya watu ndipo tuizungumze.

Bei unayotangaziwa kwenye toleo la awali, yaani kampuni inapouza hisa kwa umma mara ya kwanza, haijapangwa na soko. Ameipanga anayeuza, akiwa na washauri wake, na wakati wa kuuza ni yeye pia aliyeuchagua. Hana kosa. Hata wewe ukiuza kiwanja chako cha Chanika hutampeleka mnunuzi siku ya mvua kubwa. Ila ujue kwamba unaletewa kampuni siku ambayo imependeza kuliko siku zake nyingine.

Tazama ya hapa kwetu. Benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa Sh 150. Miaka kumi baadaye hisa hiyohiyo ilikuwa chini ya Sh 100. Baadaye ilipanda, na kufikia 2024 ilikuwa imevuka Sh 600. Aliyekosa toleo lile hakukosa benki. Alikuwa na miaka chungu nzima ya kuisoma, kisha akanunua kwa bei nafuu kuliko waliotangulia. Vodacom Tanzania iliuza kwa Sh 850 mwaka 2017, na miaka kadhaa baadaye ukaweza kuinunua kwa bei ya chini ya hapo. Kutangulia si kufika.

Najua utanitajia benki ya NMB, na una haki. Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake mwaka 2008, bei ilikuwa Sh 600, na aliyenunua akatulia amevuna sana. Lakini hata aliyeingia mwaka 2020 kwa Sh 2,340 pesa yake imezidi mara mbili, tena yeye aliingia akiwa na hesabu za zaidi ya miaka kumi mkononi. Kusubiri kulimgharimu, ndiyo. Mimi gharama hiyo niko tayari kuilipa kila mara pesa inapokuwa ya mtoto.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Unakumbuka baba alipolazwa mara ya pili? Nilikuwa na hisa za kampuni moja niliyoinunua kwenye toleo lake la awali, na nilijipa moyo kwamba hiyo ndiyo akiba yangu. Asubuhi nikapanda gari la Mbagala hadi Posta, nikaenda kwa dalali wa hisa. Yule dada akanigeuzia skrini ya kompyuta yake nijionee. Upande wa wauzaji kulikuwa na safu ndefu ya namba. Upande wa wanunuzi hapakuwa na kitu. Bei iliyoandikwa ilikuwa ileile ya miezi iliyopita, maana hakuna aliyekuwa amenunua ibadilike. Nilijaza fomu ya kuuza, nikashusha bei, nikashusha tena. Hospitali tulilipa kwa mkopo. Hisa zangu ziliuzwa miezi mitano baadaye, vipande vipande, kwa karibu nusu ya nilichotoa.

Kwa hiyo kwangu tatizo la hisa mpya halimo kwenye kushuka bei tu. Wiki za toleo kila mtu anaijua kampuni, matangazo redioni, fomu benki. Shamrashamra zikiisha, kwenye soko dogo kama letu unaweza kubaki na mali halali, yenye jina lako kwenye akaunti ya CDS inayotunza kumbukumbu za hisa zako, na hakuna wa kuipokea. Hilo utalijua tu baada ya hisa kukaa sokoni na wewe kufuatilia ni ngapi zinauzwa na kununuliwa kila wiki.

Kama roho bado inaitaka, weka laki nne. Hiyo hata ikikwama mtoto atasoma. Milioni tatu na laki sita igawanye: sehemu iende mfuko wa Umoja wa UTT, unaowekeza kwa pamoja pesa za watu wengi, ambao upo tangu 2005 na vipande, yaani sehemu yako ya mfuko, unaviuza kwa mfuko wenyewe bila kutafuta mnunuzi, na sehemu iende kwenye hisa za kampuni mbili tatu ambazo zimelipa gawio, yaani mgao wa faida, mwaka hadi mwaka. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, nazo tutazijadili, ingawa zina mambo yake.

Jumamosi nakuja Tabata baada ya msiba wa Kinyerezi. Fomu usijaze kabla sijafika. Waraka wa matarajio, ule ambao kampuni inajieleza kabla ya kuuza hisa, ukitoka uchapishe, hasa kurasa za hesabu na ule ukurasa unaoeleza pesa zinakwenda wapi: zinabaki kwenye kampuni kuikuza, au zinaingia mfukoni kwa wenye hisa wa sasa wanaotaka kutoka. Tuanze kusoma hapo.

Dada yako