Barua kwa walimu wapya: jengeni kwa mshahara, mkopo uacheni upite

Wanangu walimu mlioripoti mwaka huu katika shule za kata yetu,

Nawasalimu na kuwakaribisha tena Dodoma. Mimi ni fundi mwashi. Nyumba nyingi za walimu waliowatangulia hapa tumezijenga mimi na vijana wangu, kwa hiyo najua ipi ilisimama kwa mshahara na ipi kwa mkopo. Nasikia maafisa mikopo wameshapita shuleni na fomu zao, wakati wengine wenu bado mnalala kwenye godoro la kuazima. Ndiyo maana naandika sasa.

Tuseme umechukua milioni 10 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, ulipe kwa miaka 6. Makato yatakuwa kama shilingi 211,000 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 15. Hapo hapo Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kwa aliyesomeshwa nayo, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, bado kodi. Kuna kanuni kwamba mtumishi abakiwe na theluthi ya mshahara. Ule ni mpaka wa mwisho kabisa, lakini nimeona walimu wanakopa mpaka waufikie, kana kwamba ndio walioagizwa.

Na riba siyo inayoumiza zaidi. Pesa ya mkopo inaingia yote siku moja, ukoo mzima unapata habari, na kiwanja chenyewe hujakipata. Nusu inaliwa kabla fundi hajapima msingi. Boma linafika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, pesa imekwisha, makato yanaendelea. Afisa anarudi: ongeza mkopo juu ya mkopo, tulipe ule wa zamani, salio uchukue. Unakubali kwa sababu unataka bati, na miaka ya kulipa inaanza kuhesabiwa upya. Kata hii ina maboma ya namna hiyo, miti imeota sebuleni.

Ninachowaomba ni hiki: kile ambacho benki ingekata, jikateni wenyewe, tena kuanzia mshahara wa kwanza, kabla hamjauzoea. Shilingi 200,000 kwa mwezi kwa miaka 6 ni milioni 14.4. Anayeweza 100,000 aanze na 100,000.

Afisa atawaambia vifaa vinapanda bei, ukisubiri utashindwa. Kupanda vinapanda kweli. Kwa hiyo pesa msiilaze kwenye simu miaka yote hiyo. Igeuzeni vifaa kadiri inavyoingia. Ndugu akipiga simu ana shida utamtumia pesa, na ni haki umtumie. Lakini hakuna atakayekuomba tofali.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana kila kifaa kina wakati wake. Tofali ndiyo ya kuanza nayo, haiharibiki kirahisi. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 10 za inchi 6, na nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, pamoja na msingi, inaweza kufika 1,500. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30, au 35 mchanga ukiwa mzuri. Fundi akikuahidi 50, mkatae, hizo zitamomonyoka mkononi. Fyatueni kiangazi, mvua zikiwa mbali, na zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Najua maji ya kiangazi hapa ni ya kununua. Bajeti ya maji iwekeni humo humo, msiibe kwenye umwagiliaji.

Mawe na kokoto vinakaa. Mchanga ukimwagwa karibu na masika, maji yatauchukua. Saruji msiiweke akiba kabisa: ikipita miezi mitatu stoo inaanza kushika mabonge, na fundi asiye mwaminifu ataisaga akujengee nayo. Nondo zinunuliwe kazi ikikaribia.

Kiwanja kitangulie vyote. Nendeni mtaani mkaulize majirani na ofisi ya mtaa, halafu halmashauri, ndipo mtoe pesa.

Jambo ambalo vijana wengi hawanikubalii ni hili: msingi ukishajengwa na jamvi, yaani zege la sakafu, kumwagwa, simameni. Msipandishe ukuta mpaka pesa ya kupaua iwe imetimia. Jamvi litavumilia mvua. Ukuta ulioachwa wazi kila masika unaliwa kutoka juu, hasa wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Mwenye haraka ya kuonekana anajenga ndiye anayepandisha boma mapema.

Paa ndilo linalohitaji pesa nyingi kwa mkupuo, mbao na bati pamoja. Pesa hiyo ikusanyeni mahali ambapo hamwezi kuichota usiku kwa kubonyeza simu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza pesa za watu kwa pamoja, unafaa: pesa yako inarudi ndani ya siku chache za kazi ukiiomba. Mchezo wa walimu nao ni mzuri: watu 10, kila mmoja 100,000 kwa mwezi, anayepokea anapata milioni moja. Ombeni zamu za mwisho. Anayepokea mwanzo amekopa kwa wenzake, hata kama haitwi mkopo.

Mtoto akilazwa au mzazi akihitaji upasuaji, na akiba haitoshi, kopa bila aibu, uhai hausubiri. Na wewe ambaye fomu umeshaisaini, usiongeze mkopo mwingine juu. Lipa huo uishe, na siku makato yanapokoma, kiasi kile kile kiendelee kutoka kwenye mshahara wako, ila sasa kiende kwenye tofali.

Mwenye kiwanja tayari anitafute kabla ya Juni. Nitakuja kukupimia na kukuandikia idadi ya vifaa, hatua kwa hatua, na kwa mwalimu mgeni sitozi kitu kwa kazi hiyo. Fundi utakayemtumia baadaye ni hiari yako.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi