Salamu za Shukrani: Familia ya Marehemu Mzee Beki Mbili, Kigoma

Kwa niaba ya mama yetu, sisi watoto sita, wajukuu na ukoo mzima ulioko Kigoma, Kalemie na Lubumbashi, ninaandika kuwashukuru wote mliokuwa nasi tangu Papa alipolazwa hadi siku tulipompumzisha. Papa ndivyo tulivyomwita nyumbani, kwa desturi ya kwetu Katanga. Mtaani hakuna aliyemjua kwa jina hilo wala kwa jina la ubatizo, na hata mjumbe alipokuja kuandika taarifa ya msiba aliuliza kwanza kama ni kweli kwamba Beki Mbili amefariki.

Barua za namna hii huanza kwa kusema kwamba haiwezekani kumtaja kila mmoja. Nasi hatuwezi, ila wapo ambao tukinyamaza tutakuwa tumewadhulumu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa majuma matatu, paroko na wanakwaya, kamati ya mazishi iliyohesabu kila shilingi mbele ya watu, na wanawake wa mtaa waliopika usiku na mchana bila kuuliza ukoo wetu unatokea upande gani wa ziwa. Tunawashukuru wavuvi walioleta migebuka ndoo kwa ndoo na kukataa kutaja bei. Ndugu waliovuka kutoka Kalemie walicheleweshwa na upepo na kufika siku moja baada ya maziko. Kwao tunatoa pole pamoja na shukrani, maana walikwenda moja kwa moja kaburini na mizigo ikiwa mikononi.

Wapo waombolezaji waliotuuliza, kwa adabu, kwa nini mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za boti, na ambaye hakuwahi kuichezea timu yoyote kubwa, aliitwa kwa namba ya beki wa kulia. Kwa kuwa jibu hilo ndilo lililojaza usiku zote za matanga, tunaona ni haki kulieleza hapa.

Papa alikulia Lubumbashi, katika mtaa uitwao Kenya, ambao hauna uhusiano na nchi ya Kenya zaidi ya jina. Alikuwa kijana wakati timu ya mji, TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilipotwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara mbili mfululizo, mwaka 1967 na 1968. Beki aliyempenda kuliko wote alikuwa Mwepu Ilunga, beki wa kulia mwenye jezi namba mbili, na alimpenda kwa sababu ambayo washabiki wengi hawaijali, yaani alijua mahali pa kusimama. Papa alisema mshambuliaji hutazamwa mpira ukiwa mguuni mwake, lakini beki hutazamwa wakati hana mpira, na wasiojua hilo waende wakashabikie ngumi.

Mwezi Machi mwaka 1974, Mwepu alikuwa katika kikosi cha Zaire, yaani Kongo ya leo, kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2-0, mabao yote manne ya Zaire yakiwa ya Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao 9, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Miezi mitatu baadaye kikosi hicho kilikwenda Ujerumani Magharibi, kikiwa cha kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, na 3-0 na Brazil.

Ni katika mchezo huo wa tatu, tarehe 22 Juni mjini Gelsenkirchen, ambapo Brazil walipata mpira wa adhabu nje ya eneo la hatari, na kabla hawajaupiga Mwepu akachomoka kwenye ukuta, akaupiga mpira ule mbali kadiri alivyoweza. Mwamuzi akampa kadi ya njano. Dunia ikacheka, na bado inacheka. Mtangazaji wa Kiingereza alisema huo ni ujinga wa Kiafrika, na hadi leo tukio hilo huonyeshwa kila Kombe la Dunia linapokaribia, likiwa limewekwa kati ya vichekesho.

Papa hakucheka hata mara moja. Wale wa kijiwe cha kahawa cha karibu na mwalo mnajua alivyokuwa akikusanya vikombe vyenu, hata vyenye kahawa ya moto, akavipanga vitano kuwa ukuta, akaweka kopo la sukari kuwa Rivelino wa Brazil na kizibo cha soda kuwa mpira. Kisha angeuliza kama mtu aliyekwisha kuwa bingwa wa Afrika anaweza kutojua sheria ya mpira wa adhabu. Angeeleza jinsi wachezaji walivyogundua huko huko Ujerumani kwamba fedha zao zimeliwa, wakakaribia kugoma kabla ya mchezo wa Yugoslavia. Jinsi, baada ya yale mabao tisa, walinzi wa Rais Mobutu walivyofika hotelini na kuwaambia, kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe, kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu wasitarajie kurudi nyumbani. Na kwamba Brazil, waliokuwa wametoka sare mbili, walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao matatu ili kuwapita Scotland. Mwepu alisema miaka mingi baadaye kwamba alijua vizuri alichokifanya, na kwamba alitaka atolewe nje kwa kadi nyekundu, kwani hakuona sababu ya kuumia uwanjani kwa faida ya watu waliokaa jukwaani na fedha zao. Hapo Papa angekipiga kile kizibo kwa kidole, kikaruka hadi barabarani, na mtoto akatumwa kukifuata.

Hata hivyo hakumfanya kuwa malaika, na hilo tunalisema kwa sababu yeye asingependa tulifiche. Katika mchezo wa Yugoslavia, ni Mwepu aliyempiga mwamuzi teke, lakini mwamuzi akamtoa Ndaye, ambaye hakuwa na hatia. Papa alilisimulia tukio hilo kila aliposimulia lile lingine, na mtu akijaribu kulitetea alimkatiza.

Mwepu alifariki mwezi Mei mwaka 2015. Siku hiyo Papa hakufungua karakana. Novemba ya mwaka huo huo, Mazembe walipotwaa ubingwa wa Afrika mbele ya USM Alger wakiwa na Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, na Samatta akiwa amefunga katika fainali zote mbili, majirani walikuja mlangoni kwetu kumpongeza Papa kana kwamba ameoza binti. Alikuwa amevuka ziwa mwaka 1997 akiwa na mke, watoto wanne na sanduku la spana. Kwa muda wa miaka kumi na minane hatukuwahi kumsikia akisema kwamba yuko nyumbani, ila usiku ule alisema. Kwa hao majirani, shukrani zetu hazina kipimo.

Tunamshukuru kwa namna ya pekee mwalimu mstaafu aliyebishana na Papa kijiweni kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Usiku wa pili wa matanga alisimama, akaomba radhi kwa yote aliyowahi kusema kuhusu Mwepu Ilunga, kisha akaongeza kwamba hata hivyo kadi ya njano ilikuwa halali. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba ulipoingia. Papa angemjibu, nasi tunaamini jibu lingechukua muda wa kutosha kahawa kupoa.

Na tunawashukuru watoto wa timu ya mtaa, aliyoifundisha kila Jumamosi bila malipo, ambao hawakuagizwa na mtu yeyote. Tulipofika makaburini tuliwakuta saba wamejipanga bega kwa bega kwenye njia ya kuingilia, mikono mbele kama alivyowafundisha kujikinga, wengine wakiwa wamevaa jezi zilizowazidi. Waliobeba jeneza walisita. Kisha yule wa katikati akasogea kushoto, mwenzake kulia, na ukuta ukafunguka Papa akapita.

Misa ya arobaini itaadhimishwa parokiani saa nne asubuhi, na tarehe itatangazwa kanisani na kijiweni. Masufuria mawili makubwa na turubai la bluu lenye kiraka bado viko kwetu, na mwenye navyo atusamehe kwa kuchelewa, aje avichukue. Wanaodai chochote kwa marehemu, au wenye mashine zilizobaki karakanani, wamwone kaka yetu wa pili, anayeshika daftari.

Baada ya chakula, kijana mwenye kibanda cha video amejitolea kuonyesha mchezo wa Zaire na Brazil tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa wengi wetu, hata sisi watoto wake, hatujawahi kuona zaidi ya sekunde zile chache. Viti vitapangwa uani kwetu, na mpira utaanza saa nane mchana.