Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mamlaka ya Usajili na Ukaguzi wa Magari: ujazo wa injini hautoshi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Sisi ni mafundi wa injini na wapimaji wa moshi. Tunakuandikia hadharani kuhusu sehemu moja ya fomu ya kusajili gari linaloingia kutoka nje: ile inayouliza ujazo wa injini na kama gari ni la petroli au dizeli, kisha ikaishia hapo. Sehemu hiyo huyaweka kapu moja magari mawili yenye jina moja, bodi moja na cc zilezile, ilhali chini ya boneti ni mashine mbili. Moja liliundwa liuzwe kwao, jingine liliundwa kwa ajili ya kusafirishwa. Ukilitilia gari la kwanza mafuta ya la pili, pistoni ndizo zitakazolipa.

Mitaani husemwa kwamba kiwanda hubakiza injini nzuri nyumbani na kupeleka nje zilizopunguzwa makali. Wakati mwingine huwa kinyume kabisa. Toyota Supra ya 1993 yenye injini ya 2JZ-GTE iliuzwa Japani kwa nguvu farasi 280, na Marekani kwa 320. Tofauti haikuwa karatasi tupu. Injini ya nje ilikuwa na tabo (pampu za kusukumia hewa ndani ya injini) zenye gurudumu la chuma mahali pa seramiki, kamshafti nyingine, na injekta za cc 550 kwa dakika badala ya 440. Anayeagiza injekta au tabo kwa kutaja jina la gari na mwaka peke yake anacheza bahati nasibu.

Ile 280 nayo ina kisa chake. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano, si sheria, ya kutotangaza gari la kuuzwa nyumbani lenye zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotoka na 300. Kwa hiyo namba iliyo kwenye vitabu vya miaka hiyo ni dari la adabu, na magari kadhaa yakipandishwa kwenye mashine ya kupimia hutoa zaidi. Tena kuna suala la vipimo. Farasi wa Kijapani na wa Kijerumani, PS, ni kilowati 0.7355, farasi wa Kiingereza na Kimarekani ni 0.7457. PS 280 ni sawa na farasi 276 wa Marekani, au kilowati 206. Mkaguzi anayelinganisha hati mbili bila kuangalia kizio ataona udanganyifu ambao haupo. Kilowati zingemaliza ubishi huu.

Kodi za nchi nazo huchora injini. Japani, gari la daraja la kei, yaani gari dogo lenye kodi nafuu, halizidi cc 660, na watengenezaji wamejiwekea mwisho wa PS 64. Ndiyo maana Suzuki Jimny ya kei ina injini ya cc 658 yenye tabo na PS 64, wakati Jimny ya kusafirishwa, bodi karibu ileile, ina cc 1462 bila tabo, PS 102. Mnunuzi huona injini ndogo akadhani ameokoa mafuta. Akiipakia mizigo na kuipandisha mlima, tabo ile hufanya kazi bila kupumzika, na mafuta ya injini yanapaswa kubadilishwa mapema: kilomita 5,000, si 10,000.

Sasa tufike kwenye petroli, ambako madhara ni makubwa kuliko mahali pengine pote.

Oktani si nguvu ya mafuta. Ni uvumilivu wake dhidi ya mgandamizo na joto. Plagi ikishawasha, moto husambaa kutoka katikati ya silinda kwenda pembeni. Mchanganyiko uliobaki pembeni hubanwa na kupashwa moto; oktani ikiwa ndogo, hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Dereva husikia mlio kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, hasa akikanyaga mafuta katika gia kubwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 4,000. Milipuko hiyo hukwangua kingo za pistoni, huvunja kuta nyembamba zinazoshika ringi, na huchoma gasketi ya silinda hedi.

Kiwango cha Japani, JIS K 2202, kinataka petroli ya kawaida isipungue RON 89 (RON ni kipimo cha oktani) na ya daraja la juu isipungue 96. Ya juu inayouzwa vituoni huwa karibu na 100. Wahandisi wa nyumbani huutumia mwanya huo. Honda Integra Type R ya Japani iligandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa uwiano wa 11.1 kwa 1 ikatoa PS 200. Ya Marekani iligandamiza kwa 10.6. Subaru Impreza STI za Japani zilipangiwa taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, na shinikizo la tabo kwa petroli hiyo ya karibu 100. Gari la namna hiyo likifika linakouzwa RON 91 au 93, sensa ya noki, yaani ile milipuko ya pembeni, huisikia na kompyuta hurudisha taimingi nyuma nyuzi kadhaa. Nguvu hupungua, moshi wa ekzosi huwa moto zaidi, mafuta hutumika mengi. Hapo mwenye gari hulalamika kuwa ameuziwa injini iliyochoka, kumbe injini inajitetea. Kujitetea huko kuna mwisho: kwenye tabo iliyosukumwa sana, mlipuko mmoja mkubwa hutangulia kompyuta.

Kinachokera ni kwamba onyo limebandikwa kwenye gari lenyewe. Ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta huwa kuna kibandiko kinachosema petroli ya daraja la juu, ile Wajapani waiitayo haioku. Kimeandikwa kwa Kijapani, basi hakuna anayekisoma.

Namba za pampuni pia hutofautiana. Marekani huandika wastani wa RON na MON (kipimo cha oktani chenye masharti makali zaidi), na Ulaya huandika RON peke yake. 87 ya Marekani ni takribani RON 91 hadi 92, na 95 ya Ulaya ni karibu 90 au 91 ya Kimarekani. Kitabu cha gari la Marekani kinaposema 91, kinataka RON ya takribani 95 au 96. Fundi asiyejua hili humshauri mteja vibaya kwa nia njema.

Gari lililopangiwa oktani ya juu likikosa mafuta yake, utaratibu ni huu. Anza na joto: rediata isafishwe ndani na nje, thamostati ipimwe kwenye maji ya moto, feni zihakikiwe. Injini inayopata joto hupiga noki hata kwa mafuta mazuri. Kisha plagi, hatua moja baridi zaidi (yaani inayopoteza joto haraka zaidi) kwa injini ya tabo, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. (Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume, na makosa hapa ni ya kila siku.) Halafu shinikizo la tabo lishushwe, kwa mfano kutoka bar 1.0 hadi 0.7, na taimingi ipunguzwe nyuzi 2 hadi 4 sehemu zenye mzigo mkubwa. Chupa za kuongeza oktani hazisaidii sana: "pointi" inayotangazwa mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani moja, na zenye manganizi huacha utando wa rangi ya machungwa kwenye plagi na ndani ya masega ya ekzosi (kisafisha moshi). Ama petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hiyo hakuna taimingi itakayoiponya.

Hewa huchukua sehemu yake. Viwango vya kupimia nguvu, kama SAE J1349, huhesabu hewa ya nyuzi 25 na kilopaskali 99. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na hewa ya nyuzi 40 hupunguza asilimia 2 au 3 nyingine. Kuna jambo hapa hata mafundi wazoefu hulisahau: kwenye miinuko injini isiyo na tabo huhitaji oktani ndogo zaidi, kwa sababu hewa inayoingia silindani ni nyepesi. Yenye tabo haipati nafuu hiyo, kwani tabo hukimbia zaidi ili kurudisha shinikizo, na hewa hutoka ya moto. Ushauri mmoja wa oktani kwa nchi nzima utamdanganya mmoja kati ya madereva hawa wawili.

Dizeli tutaieleza kwa ufupi. Tangu 2009 dizeli ya magari Umoja wa Ulaya haizidi sehemu 10 za salfa kwa milioni. Magari ya huko yenye chujio la masizi yalijengwa kwa dizeli hiyo. Salfa ikiwa nyingi, madini ya thamani yaliyopakwa ndani ya masega na chujio hulemazwa, chujio hushindwa kuchoma masizi yake, na dereva hupelekwa kwa mtu wa kulitoboa. Wakati huohuo mafuta ya injini yanayofaa chujio, yenye majivu machache, huwa na akiba ndogo ya kuua asidi ya salfa, kwa hiyo muda wa kuyabadilisha hauna budi kukatwa nusu. Ndiyo sababu Toyota iliendelea kusafirisha Land Cruiser yenye 1HZ ya cc 4164, isiyo na tabo, farasi takribani 130, pampu ya kimakanika, huku masoko mengine yakipewa V8 ya tabo. Si dharau. Ni injini inayoimeza dizeli inayopatikana.

Kwa hayo, Mheshimiwa, tunaomba mambo machache.

Fomu iandike msimbo kamili wa modeli kutoka kwenye kibati, pamoja na herufi za mwanzo. Gari la nyumbani Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17. Lina namba ya fremu kama NZE121 ikifuatwa na mfuatano, na msimbo wenye kiambishi kama DBA, ambacho hueleza kiwango cha moshi na aina ya mafuta. Bila kiambishi hicho, mpimaji wa moshi hajui anapima dhidi ya sheria ipi, na muuza vipuri hajui atoe injekta gani. Paongezwe nafasi ya kilowati na ya RON inayohitajika.

Ukaguzi wa magari ya petroli yenye tabo ujumuishe kusoma taimingi na marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza mafuta) injini ikiwa chini ya mzigo, si ikiwa imesimama tu. Marekebisho ya muda mrefu yakipita asilimia 10 juu au chini, pana jambo. Vituo vipewe mashine zinazosoma lugha za Kijapani za kompyuta, maana magari mengi ya ndani ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayajibu mashine za kawaida.

Pampu zibandikwe RON na kiwango cha salfa, na sampuli zichukuliwe kwenye bomba la kujazia, si kwenye bohari peke yake. Na kile kibandiko cha Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi kifunikwe na kipya cha Kiswahili siku gari linaposajiliwa. Ni karatasi ya gundi yenye upana wa viganja viwili, na maneno yake hayazidi matano: PETROLI RON 95 AU ZAIDI.

Wako,
Mafundi wa injini na wapimaji wa moshi